Kurudisha picha za sanduku la Kibosho: shajara ya kazi

Picha hizi ni za ukoo wetu upande wa baba. Zilikaa miaka mingi kwenye sanduku la bati nyumbani kwa Bibi, Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sanduku lilikuwa darini, juu ya jiko la kuni. Ziko sabini na kitu. Nyingi ni nyeusi na nyeupe za miaka ya 50 na 60, chache ni za rangi za mwishoni mwa miaka ya 70, moja imegandana na kioo cha fremu, na ipo pia bahasha ya negativu. Ukoo hukutana Desemba watu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na Baba Mdogo ameomba kila nyumba ipate nakala za kutundika ukutani.

Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye sanduku la namna hii aweze kufuata, ajue kilichokubali, kilichokataa na bei yake. Kazi yote inafanyika kwenye nakala ya kompyuta. Picha yenyewe haioshwi, haigundishwi wala kupakwa kitu. Na tumekubaliana na wazee sharti moja tangu mwanzo: tunarudisha kile ambacho karatasi bado inacho. Palipoliwa pakaisha, hatutungi.

12 Januari 2025: Kuchambua na kusafisha

Tulizitandaza juu ya shuka jeupe na kuzigawa kwa aina ya uharibifu, si kwa miaka. Picha mbili za mwaka mmoja zinaweza kuhitaji njia tofauti kabisa, kwa hiyo miaka haisaidii kupanga kazi. Mafungu yakawa haya: zenye moshi, zilizokunjika au kuchanika, zilizoliwa na mende, zenye ukungu, na za rangi zilizogeuka nyekundu.

Mende hawafuati karatasi, wanafuata gelatini, ule utando mwembamba wa juu wenye chembe za fedha zinazoifanya picha ionekane. Ndiyo maana picha iliyoliwa ina mabaka meupe yenye kingo za kuchongoka huku karatasi ikiwa nzima. Kadhaa zina mng'ao wa kioo kwenye sehemu za giza, hasa pembeni, unaoonekana ukiziinamisha kuelekea dirishani. Huo si uchafu na haufutiki. Ni fedha ya picha yenyewe iliyoathiriwa na hewa na unyevu, ikapanda juu ya utando na kutulia hapo.

Usafi ni pampu ya mpira ya kupuliza vumbi na brashi mpya ya poda, laini, basi. Kitambaa kinasugua masizi yaingie ndani ya gelatini, maji yanaivimbisha, spiriti inaweza kuondoa wino wa muhuri wa studio ulio nyuma. Pampu 8,000, brashi 5,000, glovu za pamba 3,000 (bei zote humu ni shilingi za Tanzania).

Nyuma ya picha nako kunaskaniwa. Huko ndiko kwenye mihuri, majina ya watoto wa ubatizo, na maandishi ya kalamu ambayo mwandikaji wake hayupo tena. Halafu tukakaa na Bibi asubuhi, macho yake yakiwa hayajachoka, simu ikirekodi. Swali la "hii ni mwaka gani?" halikuzaa kitu. Swali la "hili gauni lilikuwa la nani?" lilifungua mlango mzima: nani alilishona, nani aliliazima kwa ajili ya kipaimara, nani alizaliwa muda mfupi baadaye. Mwaka tukaupata kwa kuhesabu kutoka kwa huyo aliyezaliwa.

26 Januari: Skana

Tulianza na simu kwa sababu kila mtu anayo. Kwa kurushiana kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp inatosha. Kwa kazi hii haifai: simu inalainisha ngozi na kunoa kingo bila kuulizwa, na ukikuza unakuta ufa umeshachanganywa na shavu, huwezi tena kuutenga.

Iliyofuata ni skana ya kuazima, ile nyembamba inayopata umeme kwa waya wa USB. Kwa barua na vyeti ni nzuri sana. Kwa picha za zamani ina kasoro isiyotajwa dukani: kitambuzi chake kiko karibu kabisa na kioo na kinaona vizuri kitu kilichogusa kioo tu. Karatasi nene ya miaka ya 50 hujikunja pembeni, na sehemu iliyoinuka milimita mbili tatu inatoka haisomeki. Kuikandamiza kwa kitabu kizito si dawa, kwa sababu gelatini kavu inapasuka.

Kinachofaa ni skana nene, yenye vioo vya kuakisi na lenzi ndani. Hiyo inaona hata kitu kilichoinuka kidogo. Tulipata Epson Perfection V370 iliyotumika kwa 220,000, ikapandishwa Moshi kwa basi kwa 10,000. Umeme ukikatika katikati ya kuskani picha inabidi uanze upya, kwa hiyo tukaongeza UPS (betri ya akiba) ya mtumba, 85,000.

Mipangilio tuliyobaki nayo: kila kitu cha kujirekebisha chenyewe kimezimwa. Picha za ukubwa wa postikadi kwa dpi (nukta kwa kila inchi) 600, pasipoti na zile ndogo za kiganjani kwa dpi 1200. Tulijaribu 1200 kwa zote. Faili zikawa kubwa mara nne na hakuna uzi mmoja wa nguo ulioonekana zaidi, maana karatasi yenyewe haikuwa na zaidi ya hapo. Tunahifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora, biti 16 kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu zinazounda picha. Biti 8 zinakupa ngazi 256 tu kati ya nyeusi na nyeupe, na picha iliyofifia inatumia sehemu ndogo ya ngazi hizo. Ukiivuta ijae, anga linakatika mistari mistari. Biti 16 zina ngazi 65,536, unavuta bila hofu. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inakuwa takriban megabaiti 50.

La kushikilia kuliko yote: skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Sababu iko kwenye hatua inayofuata.

16 Februari: Madoa ya moshi

Picha ya mfano hapa ni ya wanaume waliosimama mbele ya ghala la chama cha msingi, magunia ya kahawa yamepangwa, mizani ya kuning'iniza iko kati. Babu ni wa tatu kutoka kushoto, kofia mkononi. Nusu ya juu ilikuwa kahawia ya moshi, na bati la paa lilikuwa halitofautiani na mbingu.

Kubofya "rekebisha yenyewe" kulizidisha tatizo, kwa sababu programu ilichukulia kahawia ile ni sehemu ya picha ikaikoleza. Kuondoa rangi kwa mbofyo mmoja nako kulikataa: chaneli tatu zinachanganywa, na doa la kahawia linageuka doa la kijivu.

Dawa ilikuwa kuzitenganisha chaneli. Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure, menyu ya rangi ina sehemu ya kuivunja picha kuwa nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa picha ya kijivu inayojitegemea. Doa la njano au kahawia linameza mwanga wa bluu, hivyo kwenye chaneli ya bluu linaonekana jeusi kabisa. Mwanga mwekundu linauachia, na kwenye chaneli nyekundu linakaribia kutoweka. Tulipoifungua nyekundu peke yake, paa la bati likajitenga na mbingu, kila mgongo wa bati mahali pake, na kwenye gunia la mbele zikasomeka herufi KNCU, yaani chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1933. Hatukuongeza kitu hata kimoja. Vyote vilikuwemo tangu siku ile.

Mng'ao wa fedha nao unapungua humo humo, kwa kuwa kwenye skani unatoka kama utando wa kibuluu.

Baada ya hapo mwanga ulikuwa haulingani, juu kuna kiza kuliko chini. Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kutengeneza nakala iliyolainishwa hadi vitu visitambulike, kisha kuigawanya picha kwa nakala hiyo. Inafanya kazi kwenye kuta na karatasi, lakini kwetu ilifanya makoti meusi kuwa ya kijivu, kwa sababu haijui tofauti ya koti na moshi. Tuliiacha. Tulitumia zana yenye mstari unaoupinda kwa kipanya, tukang'arisha picha nzima, kisha kwa kinyago, yaani tabaka linaloamua athari ionekane wapi, tukapaka athari hiyo sehemu ya juu tu. Ni polepole, lakini koti la Babu limebaki jeusi.

23 Machi: Mikunjo, michaniko na kanga

Zana mbili zinabeba kazi yote. Yenye alama ya plasta inachukua mahali pazima na kukupatanishia mwanga wake na mahali palipoharibika; hiyo ni ya ngozi, ukuta na mbingu. Yenye alama ya muhuri inanakili kama ilivyo; hiyo ni ya kingo, pale shavu linapokutana na mandhari ya giza nyuma. Ukitumia plasta kwenye ukingo, giza la nyuma linavujia shavuni na mtu anaonekana ana jeraha. Fanya yote kwenye tabaka jipya lililo tupu, ukiiruhusu zana isome matabaka yote. Hapo chochote ulichoweka kinafutika bila kugusa skani. Brashi iwe pana kidogo tu kuliko ufa.

Chembe za picha zisipotee. Kiraka laini kupita majirani zake kinaonekana kwenye chapa kubwa hata kama kwenye kompyuta hukioni. Chukua sampuli kutoka mahali penye chembe zinazofanana, mwanga unaofanana, na umbali ule ule kutoka kwenye kamera.

Kwa maeneo mapana tulitumia plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye GIMP) ya Resynthesizer, inayojaza sehemu uliyoichagua kwa kuangalia vilivyo jirani. Kwa migomba, nyasi na ukuta wa chokaa imetuokolea kazi nyingi. (GIMP 3.0 ilitoka Machi hii, lakini plagini zilizoandikiwa 2.10 haziingii humo moja kwa moja. Tunamalizia kazi kwenye 2.10.) Ilishindwa kabisa kwenye nguo zenye maua. Na ilipofika kwenye kanga ya Mama Mkuu, mama wa Bibi, ilileta jambo lililotusimamisha.

Amesimama mlangoni, kanga kiunoni, jina la kanga linaonekana mbele. Picha ilikunjwa pale pale. Neno la kwanza, MAPENZI, linasomeka. La mwisho, MOYO, linasomeka. Katikati ni ufa mpana wa karatasi tupu. Plagini ilijaza ufa kwa vipande vya herufi: nusu ya P, mguu wa M, kitu kilichofanana na Z iliyolala. Ukiitazama haraka unaweza kudhani ni maandishi. Tulimuuliza Bibi akataja methali moja bila kusita. Tukamuuliza Mama Mkubwa akataja nyingine, naye bila kusita. Zote mbili zinaenea kwenye nafasi ile, tulipima.

Hatukuandika yoyote. Ufa tumeujaza kijivu tulivu kinacholingana na kitambaa ili jicho lisikwame, na majina yote mawili tumeyaweka kwenye maelezo ya picha, kila moja na aliyelitaja. Ningeweza kuziandika herufi vizuri kiasi cha kutotambulika, na hapo hasa ndipo ilipo hatari. Baada ya miaka ishirini wajukuu wangekuwa wanainukuu kanga ya Mama Mkuu, kumbe wananinukuu mimi.

Mtoto aliye pembeni mwa picha nyingine ameliwa mkono na mende. Naye amepata kijivu, hakupata mkono wa mtoto mwingine.

13 Aprili: Masika, ukungu na picha iliyoganda

Mvua za masika zimeingia na kazi imebadilika. Hewa yenye unyevu wa kupita asilimia 65 inaamsha ukungu, na picha mbili zilizokuwa safi Januari zimeota vidoa vya kijivu. Ukungu ukiwa na unyevu haufutwi, unasambaa na kuingia ndani. Tumezianika ndani ya chumba chenye hewa, kivulini, juu ya karatasi nyeupe, hadi vidoa vikawa unga, ndipo brashi ikapita taratibu, barakoa usoni, na brashi hiyo haiguswi tena kwa picha nyingine. Sanduku la bati limepumzishwa. Picha sasa ziko kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vifuko vya silika ndani, 9,000.

Picha ya fremu ni ya harusi ya Bibi na Babu. Unyevu wa miaka ulilainisha gelatini ikashika kioo, ikakauka hapo. Baadhi ya ndugu walishauri tuiloweke maji ya uvuguvugu hadi iachie. Kuna mafundi wa hifadhi wanaoweza kujaribu hivyo wakiwa na vifaa na ujuzi. Nyumbani, uso wa bibi harusi unabaki kwenye kioo na karatasi inabaki nyeupe mkononi. Tumeiacha ilivyo na kuinakili kupitia kioo chake.

Kwenye skana ilitoka na pete za rangi pale kioo cha fremu kilipogusana na kioo cha mashine. Tuliiinua kwa vipande vya kadi kwenye kona nne, pete zikaisha, ila ukali ukapungua. Tukahamia kwenye kamera juu ya stendi: picha chali mezani, taa mbili zinazofanana kulia na kushoto kwa nyuzi 45, kitambaa cheusi kimefunika stendi na nguo ya mpigaji ili visijiakisi. Kitambaa na balbu 12,000. Hii ndiyo iliyokubali.

Sehemu zilizoshika kioo zinaonekana nyeusi zaidi na kali zaidi, kama zimeloa, kwa kuwa hapo hakuna hewa kati ya kioo na picha. Zisizoshika ni hafifu. Mpaka wa baka hilo unapita kwenye bega la Babu na kukata shela. Plasta na muhuri havifai hapa kwa sababu hakuna kilichopotea. Pande zote mbili zina picha kamili, zimetofautiana mwanga tu. Tulichora kinyago kufuata mpaka, tukalainisha ukingo wake kwa pikseli chache, kisha tukaupinda mstari wa mwanga wa upande hafifu hadi ukalingana na ule ulioshika. Mpaka ukafunga. Lesi ya shela sasa inapita moja kwa moja, tundu kwa tundu.

25 Mei: Akili mnemba na nyuso

Vijana wa ukoo waliuliza tangu mwanzo kwa nini tunahangaika na brashi wakati programu zipo za kufanya kwa sekunde. Ni swali la haki, na tumelijaribu kwa uzito.

Tulichukua picha ya kina mama nje ya kanisa, watu wengi, nyuso ndogo. Uso mmoja una upana wa milimita 3 kwenye karatasi. Kwa dpi 600 hiyo ni pikseli kama 70. Programu mbili za kurekebisha nyuso, GFPGAN, iliyotoka 2021, na CodeFormer, iliyotoka 2022, zinatoa uso wa pikseli 512 kwa 512. Zile 70 zimetoka Kibosho. Nyingine zote lazima zitoke mahali pengine, na mahali hapo ni mafunzo ya programu: zote mbili zimefunzwa kwa mkusanyiko uleule, FFHQ, wenye nyuso 70,000 zilizochukuliwa mtandaoni kutoka Flickr.

Matokeo yalipendeza mno. Macho yanang'aa, kope zinahesabika. Tukaweka uso mpya juu ya uso wa zamani kwa mtindo wa tabaka unaoonyesha tofauti tu, ambapo kisichobadilika kinakuwa cheusi na kilichobadilika kinawaka. Kwa Mama Mkuu, mdomo uliwaka na masikio yakawaka. Tulipokuza tukaona: mwanya wake wa meno ya mbele umezibwa, na ndewe zake, zile kubwa zilizotanuliwa tangu usichanani, zimefungwa na kuwa ncha za masikio ya kawaida. Picha ya uzeeni, iliyopigwa karibu sana, inaonyesha mwanya na ndewe vyote viwili wazi kabisa, kwa hiyo hapa hakuna la kubishania.

CodeFormer ina kipimo cha kutoka 0 hadi 1 cha kuchagua kati ya urembo na uaminifu. Karibu na 1 ndewe zilirudi kwa kiasi, mwanya haukurudi, na faida ya programu nayo ikaisha. Kilichobaki kilikuwa uso ule ule wa mwanzo uliolainishwa.

Uamuzi wa ukoo, baada ya Baba Mdogo kuona zile nyuso mbili bega kwa bega: akili mnemba haigusi uso wa mtu. Nyuso ndogo zitabaki hafifu zilivyo, na chapa ya picha hiyo haitazidi ukubwa wa A4. Uso wa pikseli 70 ukitazamwa kwa umbali wa mkono unatambulika. Bibi amewataja kina mama wote waliomo, mmoja mmoja, kwa kutazama mabega na namna ya kusimama.

Kupaka rangi tulikujaribu kwa DeOldify. Gauni ambalo Shangazi anakumbuka lilikuwa la manjano lilitoka buluu iliyopauka. Tumeacha.

6 Julai: Rangi za miaka ya 70

Picha za rangi za wakati ule zinafifia hata zikiwa gizani. Kati ya rangi zake tatu, ya samawati (buluu-kijani, inayozuia mwanga mwekundu) ndiyo inayotangulia kwenda, na inapokwenda picha inabaki nyekundu. Hakuna haja ya kuipaka upya, kwa kuwa mabaki yake bado yamo. Fungua kila chaneli peke yake, sogeza mwanzo na mwisho wake hadi vifike pale data inapoanzia na kuishia. Kwenye picha za kipaimara cha Shangazi chaneli nyekundu ilikuwa imebanwa kwenye kipande chembamba upande wa mwanga. Ilipovutwa, migomba ikarudi kijani na ngozi za watu zikaacha kufanana na tofali. Tulijaribu kupima kwa ukingo mweupe wa karatasi, lakini ukingo wenyewe umeota njano na uliipeleka picha kwenye ubuluu. Kola ya shati la padri ilikuwa kipimo bora.

Kundi moja limechapwa kwenye karatasi ya studio yenye mikwaruzo midogo kama hariri. Skana inaona kila kinundu kwa sababu taa yake inatoka upande mmoja. Kulainisha kunaua nyuso pamoja na vinundu. Dawa: skani mara ya kwanza, geuza picha kichwa chini, skani tena, kisha zungusha ya pili kwenye kompyuta, zilinganishe vizuri na uiweke juu kwa nusu uwazi. Kivuli cha kinundu kwenye skani ya kwanza kinakutana na mwanga wake kwenye ya pili, vinafutana. Kulinganisha ndiko kunakochosha. Pikseli moja ikikosea, kope zinakuwa mbili.

17 Agosti: Kuchapisha

Chapa za kwanza kutoka maabara ya picha mjini zilirudi na giza lililozidi na weupe uliochomeka. Faili zilikuwa sawa. Mashine za maabara nyingi zinarekebisha kila picha zenyewe, jambo zuri kwa picha za simu na baya kwa kazi iliyokwisha kurekebishwa. Omba kwa maneno haya: chapa bila marekebisho. Na usimame hapo hapo. Fundi wetu alikubali kuyazima marekebisho hayo, na tukapanga vipande vinne vya picha moja kwenye karatasi moja, kila kimoja na mwanga wake, tukachagua kwa macho nje, mchana. Tunapeleka JPEG ya sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida) kwa dpi 300, iliyong'arishwa kidogo kuliko inavyoonekana kwenye kioo cha laptopu. Chapa za majaribio zimekula 18,000.

Chapa za wino za kwenye steshenari tulizikataa. Tone moja la maji na rangi inatembea, na nyumba nyingi zitakazozipokea ziko mlimani.

7 Septemba: Hifadhi, gharama na kilichobaki

Kila picha ina faili tatu: skani ghafi isiyoguswa kamwe, faili ya kazi yenye matabaka, na JPEG ya kuchapa. Jina la faili linaanza na mwaka, au muongo kama mwaka haujulikani, kisha mahali, kisha namba. Maelezo ya Bibi yameandikwa ndani ya faili yenyewe, maana daftari linapotea. Diski mbili za terabaiti 1, kila moja 145,000. Moja iko kwangu Moshi, nyingine kwa Baba Mdogo Njiro, Arusha, na nakala ya tatu iko mtandaoni.

Picha halisi zimetolewa kwenye bahasha za kaki, ambazo zina asidi, na kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, inayonata. Sasa kila moja imekunjiwa karatasi nyeupe safi. Hazijarudi darini.

Jumla hadi leo, bila chapa za mwisho: 660,000. Ndugu wamechangia kwa simu, na aliyetoa 5,000 na aliyetoa 100,000 wanapata picha zilezile.

Zimebaki negativu. Kifuniko cha V370 kinapitisha mwanga kwenye filamu ya milimita 35 peke yake, na zetu nyingi ni zile pana za sentimita 6. Tutazipiga kwa stendi ileile ya kamera juu ya kioo cheupe kama maziwa chenye taa chini yake, na kuzigeuza kwenye kompyuta, nyeusi iwe nyeupe, kwa faili za biti 16. Baadhi ni za picha ambazo tayari tunazo kwenye karatasi, ikiwemo ya kina mama nje ya kanisa. Hiyo ndiyo ya kwanza kwenye foleni, kwa sababu negativu ya upana huo inaweza kuwa na nyuso ambazo karatasi haikuwahi kuzibeba.

Fundi seremala ameahidi kisanduku cha taa mwisho wa mwezi, 35,000.